Baridi Ilikuwa na Chumba Chake

Kwanza yalikuwa maji. Mshonaji aliyachemsha jikoni mpaka kifuniko kikarukaruka, akayachanganya kwenye ndoo, akayapima kwa kiwiko, akaona yako sawa. Lakini kila akimmwagia mama yake mgongoni, mama alishtuka na kusaga meno. Kutoka kwenye ndoo mpaka mgongoni hapafiki urefu wa mkono, na maji yalikuwa yameshapoa kama ya mtungini.

Mama alikuwa na miaka themanini na kifua kibovu. Daktari alisema baridi ikimwingia tena kifuani, hatavuka. Mshonaji hakuwa na mtu mwingine. Dada yake alikwishatangulia, akamwachia shemeji mmoja, fundi umeme, mtu wa maneno mengi na kazi safi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," shemeji alisema, akitua mkoba wake mlangoni mwa bafu.

"Upone kwanza huo mdomo wako," mshonaji akamjibu.

Kazi ilichukua siku nzima. Shemeji alitoboa ukuta juu kabisa, mbali na maji, na vumbi lililotoka lilikuwa bichi, lina harufu ya udongo usiowahi kuona jua. Akafunga hita ndefu ya kupasha chumba joto, yenye koili mbili. Akaivutia waya wake mnene wa peke yake, maana hita, alisema, haili sahani moja na taa. Swichi akaiweka nje ya mlango, kwa kuwa mkono wenye maji na umeme ni wake wenza. Fyuzi kuu ilikuwa mfukoni mwake tangu asubuhi, asije mtu akawasha naye kashika waya.

"Fyuzi ikiwa mfukoni mwangu," alijisifu, "hata shetani hawashi."

Mama aliyasikia hayo akiwa kitandani. "Mnatia moto mle ndani?" aliuliza. "Mngeniuliza kwanza." Wakacheka. Walidhani ni uzee.

Jioni koili zikawaka nyekundu, na bafu likapata joto kwa mara ya kwanza tangu nyumba ile ijengwe. Mama akaoga bila kusaga meno. Mshonaji alifurahi hata akalia kidogo, akimfuta mama yake miguu.

Kesho yake mchana, hita ikiwa imewashwa kukausha taulo, aliona nyayo za maji ukumbini. Zilitoka bafuni, mguu mbele ya mguu, za mtu asiye na haraka. Mama alikuwa hajaoga siku ile. Mshonaji akazifuata akiwa ameshika mkasi wake wa kazi, na kila alipopiga hatua sakafu ilizidi kuwa baridi chini ya ndara zake, na ile harufu ya udongo ikazidi kumjaa puani, na mbele yake, bila mtu, unyayo mwingine ukalowa, kisha mwingine, mpaka zikapita chini ya mlango wa chumba cha mama, na mlango ulikuwa umefungwa.

Ndani, kioo cha dirisha kilikuwa na ukungu. Mama alikuwa amekaa kitandani, shuka mpaka kidevuni.

"Usipige kelele," alinong'ona. "Kimekaa hapa miguuni pangu."

"Mama, ulikuwa unakijua?"

"Kabla hujazaliwa. Kilikuwa na chumba chake, na sisi tuna vyetu. Mimi naoga haraka, natoka, hatugombani. Sasa mmekiwashia moto. Kiende wapi?"

Mshonaji akakimbilia swichi. Nusu shari ni bora kuliko shari kamili. Kirudi bafuni kwake, wao wataoga hata jikoni. Akazima. Koili zikabaki nyekundu. Akawasha, akazima tena, akampigia shemeji simu huku meno yakigongana.

Shemeji alikuja mbio, akaenda moja kwa moja kwenye boksi la umeme, akang'oa fyuzi kuu. Taa ya ukumbini ikazimika, jokofu likanyamaza, nyumba nzima ikawa kimya, na kule bafuni hita ikaendelea kuwaka, ikilia taratibu kama mtu anayepumua akiwa amefumba mdomo.

"Shemeji," fundi alisema, mkono wake wazi. "Fyuzi si hii hapa?"



Kutoka chumbani mama aliita, kwa sauti ndogo. Walimkuta amelala chali. Pumzi yake ilitoka na mvuke, mchana ule wa jua kali.

"Msihangaike na hita," alisema. "Hakitaki kurudi. Kimeonja joto la mtu."

Mshonaji akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili, akausugua, akaupulizia. Aliogopa mno, lakini hakuuachia. Haikufika nusu saa, kifua cha mama kikatulia.

Bafuni kulisikika kitu kikilia tik, tik, kama chuma kinachopoa.

"Imezima," shemeji alinong'ona.

 Mshonaji alikuwa anatetemeka. Shemeji akadhani ni msiba. Akaenda jikoni, akawasha gesi, akachemsha chai, akaileta mbio akiwa ameshika kikombe kwa kitambaa, maana kilikuwa kinamchoma vidole. Akamnywesha mwenyewe, polepole, kama mtoto.

Mshonaji akashtuka, akasaga meno.

"Shemeji," alisema, "mbona umeniletea ya baridi?"