Chapa Kwenye Rasimu ya Tatu

Kila asubuhi Kabula alifagia mbele ya steshenari ya Kawajense, akanyunyiza maji kutuliza vumbi, kisha akawasha mashine ya fotokopi na kunywa chai huku ikipata joto. Asubuhi hiyo kikombe hakikufika nusu. Katikati ya wanafunzi waliobanana mlangoni wakitaka kopi, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa na viatu vyekundu kwa vumbi alipaza sauti:

"Jamani, nani hapa anachora nembo?"

Wote wakamwonyesha Kabula. Akatamani kuingia ndani ya mashine.

Kijana aliitwa Fabrice, mtoto wa wakulima wa mahindi wa Katumba. Yeye na rafiki yake Masele, mtoto wa wafugaji, walikuwa wameanzisha kampuni ya teknolojia: programu ya simu ya kumsaidia mfugaji kumpata ng'ombe aliyepotea.

Rasimu ya kwanza, Kabula alichora simu yenye pembe. Jioni Fabrice akapiga.

"Dada Kabula, huyu ng'ombe au shetani?"

"Ng'ombe, kaka. Ila kakasirika."

"Mtulize basi. Na wekundu upunguze, watu watadhani tunauza nyama."

Ya pili, pembe zikalegea. "Huyu sasa kalala njaa!" Maoni ya dakika mbili yakawa ya nusu saa.

"Kesho nakuja tuyamalize. Umepanga kuvaa nini?"

"Kitenge cha njano."

"Kile cha maua ulichovaa siku ile? Usikivae, nitasahau nilichokuja kusema."

Kabula akakivaa. Fabrice akaja, na kweli akasahau.

Rasimu ya tatu aliichora kwa moyo wote. Chini ya pembe akaweka mistari miwili na nukta, chapa ambayo baba yake, mzee Manyanda, huchoma kwenye paja la kila ng'ombe wa boma lao. Kwao wafugaji, chenye chapa yako ni chako, hakuna wa kuuliza. Mdomo ulikuwa umemshinda. Akauachia mkono useme.

Jibu likaja: "Nzuri sana! Ila hivyo vidoa vya chini viondoe, havina maana."

Kabula akaviondoa. Akaituma nembo, akaandika, "Asante kwa kazi," na kwa siku nne hakupokea simu yake.

Siku ya tano Fabrice aliingia akihema, shati jeupe limekuwa la kahawia.

"Kabula, natoka mnadani, tulikuwa tunajaribu programu. Nikapiga picha ng'ombe mmoja, pajani ana vile vidoa nilivyokuambia uviondoe! Masele kacheka mpaka kakaa chini. Kasema ni chapa ya kwenu. Sisi tunalima mahindi, mwenzangu. Hindi halina chapa, ningejuaje?"

Kabula hakutaka kucheka, lakini kicheko kikamtoroka.

"Masele kasema nini kingine?"

"Kasema nikamuulize mwenye chapa. Kwa hiyo maoni yangu ya mwisho ni haya: irudishe. Lakini kwanza niambie uliiweka ya nini."

Mashine ilikuwa ikitema karatasi. Wanafunzi wawili waliacha kupanga kurasa zao, wakatega masikio waziwazi. Kabula alizoea kuinamisha uso. Leo akauinua.

"Kwa sababu nakupenda, Fabrice. Nilitaka watu wote wajue una mwenyewe."