Kasha Lisiloingia Vumbi

Mnisamehe mapema. Hadithi hii naijua vizuri lakini nitaiandika vibaya, maana siku hizi vidole vyangu vinateleza kwenye kibodi kama sabuni kwenye beseni. Mkikuta neno limepinda, linyoosheni wenyewe, tuendelee.

Palikuwa na mwanamke mpiga chapa aliyeolewa na seremala. Chumba chake cha kuchapia na karakana ya mumewe vilitenganishwa na ukuta mmoja na mlango usiofunga sawasawa. Mume akiwasha msumeno, mke anapiga chafya. Vumbi la mbao lilijaa ndani ya kompyuta, mashine ikapata joto, ikakoroma, ikazima katikati ya kazi ya mtu.

Ndipo akaja shemeji yake, mdogo wa seremala, mchekeshaji wa jukwaani, mtu anayejua kila kitu isipokuwa kunyamaza.

"Shemeji, kompyuta haina kosa. Kosa ni kasha lake, hili boksi la nje. Tafuta lenye vichujio mbele na chini, na feni zinazoingiza hewa nyingi kuliko zinazotoa. Ndani kukijaa hewa, vumbi litapita wapi?"

Wakaenda pamoja kwenye duka la vitu vilivyotumika. Mpiga chapa alipenda moja jepesi lenye wavu mpana. Shemeji akalipita bila kuliangalia, akasimama mbele ya kasha jeusi, zito, lisilo na jina la kiwanda. Rafu nzima ilikuwa na vumbi la kuandikia jina. Kulizunguka lile kasha palikuwa safi kabisa.

"Hilo," muuzaji akasema kwa sauti ya chini, "huwa linataka uliambie unachotaka."

Shemeji akacheka, akaligonga utosini. "Haya, bwana mkubwa! Kuanzia leo, vumbi lote la nyumba ile ni lako."

Wakalinunua, kompyuta ikahamishiwa humo. Miezi mitatu baadaye mpiga chapa akavuta kichujio akisafishe. Kilikuwa safi kama siku kilipotoka dukani. Akamwita mumewe.

"Baba, nani anaisafisha mashine yangu?"

"Nikuulize wewe. Kuna fundi anakuja hapa nikiwa karakana?"

"Fundi gani? Nilidhani ni wewe."

"Mimi? Tangu lini nimeshika kitambaa ndani ya nyumba hii?"

"Ndiyo maana nikaogopa."

Wakawa wanatazamana kwa jicho la pembeni, kila mmoja akimchunguza mwenzake, na hakuna aliyelichunguza kasha.

Kisha zikaja sauti. Chini ya mvumo wa feni palikuwa na mlio mwingine, mwororo, wenye mate, kama paka anayelamba sahani. Na harufu: udongo uliolowa, ilhali mvua haijanyesha. Mchana mmoja umeme ukakatika, printa ikanyamaza, msumeno wa upande wa pili ukanyamaza, na mpiga chapa akabaki amekaa katika ukimya ule akisubiri feni nazo zinyamaze, lakini kulamba kukaendelea, na alipotazama sakafuni akaona vumbi la mbao linatoka chini ya mlango, limejipanga mstari mwembamba kama siafu, linatambaa bila upepo, linapita kati ya miguu yake, linapanda kwenye kichujio, linamezwa.

Akamsimulia mumewe. Mumewe akacheka kidogo, kisha akaacha.

Wiki ile msumeno wa seremala ukaungua, karakana ikakosa vumbi. Na mama mkwe wa mpiga chapa alikuwa amekuja kukaa nao. Alipenda kuketi karibu na kompyuta, miguu ameilaza kando ya kasha, maana palikuwa na kaupepo.

"Mwanangu, hebu ona! Nyufa za visigino zimekwisha. Nimekuwa mwari!"

"Umepaka nini, Mama?"

"Sijapaka kitu. Nimekaa tu."

Siku ya pili mikunjo ya magoti ikapotea. Siku ya tatu mama mkwe akashika simu yake, akaweka kidole gumba ifunguke. Ikakataa. Akakipangusa kwenye kanga, akajaribu tena. Ikakataa. Mpiga chapa akamshika mkono, akausogeza dirishani: vidole vyote kumi vilikuwa laini kama yai, bila mstari hata mmoja.

"Mwanangu," mama mkwe akanong'ona, "mbona kuna kitu kinanilamba?"

Mganga aliitwa jioni ileile. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno. Akaweka sikio juu ya kasha, akaliondoa haraka.

"Humu mna jini. Siku mnalichukua, mliliambia nini?"

Mpiga chapa akayarudia maneno ya shemeji yake.

"Vumbi lote la nyumba," mganga akasema polepole. "Na nyie mmeumbwa kutokana na nini?"



Akaagiza magunia matatu ya vumbi la mbao kutoka kwa seremala wa jirani. Wakalilisha kasha. Gunia la kwanza likaisha kama chumvi kwenye maji, la pili likaenda polepole, na la tatu lilipofika nusu, kasha likacheua, chumba kizima kikanuka kaburi. Likiwa limeshiba na limezubaa hivyo, mganga akaliviringisha kwa turubai, akalifunga kamba.

"Litupwe shimo la mbali. Na anayelibeba asiliambie hata neno moja."

Mwezi ulipoisha, mstari wa kwanza ulirudi kwenye kidole gumba cha mama mkwe, simu ikamfungukia, akalia kama mtoto.

Na aliyepewa kazi ya kulibeba ni shemeji. Yaani mimi.

Nilifika shimoni. Nikalitazama: kasha zuri vile, vichujio vitatu! Na safari nzima kimya, mimi? Nikaliambia tu, "Pole, bwana mkubwa. Twende kwangu."

Sasa liko hapa chini ya meza, karibu na miguu yangu. Chumba kinang'aa. Asubuhi simu imekataa kidole cha kulia, mchana ikakataa cha kushoto, na sasa hivi imekataa uso. Lakini jini msimlaumu, anatimiza aliloambiwa. Katika nyumba hii limebaki vumbi moja tu, na ndilo lililomkaribisha.