Kivinjari cha Mashine Namba Saba

Simu ilitetemeka mfukoni mwa sare ya kazi.

Kendi alikuwa ameshika kijiko cha supu mbele ya mdomo wa mzee wa miaka tisini. Ilikuwa Jumamosi ya Julai 2007, saa sita na nusu mchana, katika nyumba ya kulelea wazee upande wa Blacktown, magharibi mwa Sydney. Akakiweka kijiko, akamfuta mzee kidevu, akaingia stoo ya mashuka na kufunga mlango.

"Naam."

"Shangazi anauliza kama nguo zimekauka." Ilikuwa sauti ya Oloo, bosi wake, kutoka Nairobi ambako jua lilikuwa bado halijachomoza.

"Bado zina maji."

"Zianue leo leo. Kabla ya saa kumi."

Simu ikakatika.

Hakuna pole, hakuna habari za baridi. Miezi kumi na minne Kendi alikuwa Sydney akiwaogesha wazee mchana na kuifanyia kazi Idara ya ujasusi ya kwao wakati uliobaki, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama amekula. Mama yake kule Meru alijua binti yuko Dubai anauza nguo. Hiyo ndiyo kazi, mtu asikudanganye kwamba ni miwani myeusi na magari ya kifahari.

Nguo za kuanua zilikuwa uhai wa mtu.

Mama Ninahazwe, mjane wa Kirundi, aliishi Doonside na watoto wawili. Akiwa kambini Tanzania aliwaona kwa macho yake watu waliokuwa wakishusha bunduki zilizofichwa chini ya magunia ya maharage, na sura zao hakuzisahau. Jumatatu angetoa ushahidi kwa njia ya video mbele ya mahakama Nairobi. Genge la silaha lilikuwa na mtu wake hapa Sydney, na mtu huyo alikuwa ameshaipata nyumba ya mama huyo. Leo, kabla ya saa kumi, angewatumia wakubwa zake anwani kwa baruapepe. Wauaji wawili walikuwa wameshatua mjini, wamelala hotelini, wanasubiri anwani hiyo tu. Na makaratasi ya kumhamisha mama? Yalikuwa mezani kwa ofisa fulani, yanasubiri sahihi ya Jumatatu. Ofisi ni ofisi, popote uendapo.

Jina la mtu huyo halikujulikana, wala sura. Idara ilijua tu kwamba ni Mrundi, na kwamba baruapepe zake zilitoka kwenye duka moja la intaneti huko Bankstown.

Kendi akamwambia msimamizi tumbo linamkata. Akapanda treni, akabadilisha nyingine stesheni ya Lidcombe. Bastola ya Glock 26 kiunoni, chini ya sweta. Shingoni, penye kamba ya kitambulisho, ilining'inia flashi ndogo ya SanDisk.

Saa nane na dakika kumi alikuwa Bankstown.

Duka lilikuwa juu ya bucha, limejaa kadi za kupigia simu Afrika. Kompyuta kumi na mbili. Mwenye duka, Mkongo mnene aitwaye Mushagalusa, alikaa kwenye kaunta akila karanga. Kumuuliza moja kwa moja kungekuwa kujianika, maana huenda yeye na mtu huyo lao moja.

"Bonjour dada. Kaa yoyote."

Akakaa ya kwanza.

Sasa hapa nikueleze jambo, maana watu wengi hulidharau. Ili kuingia mtandaoni unahitaji kivinjari, na vivinjari viko vingi. Kuna kile cha herufi e ya bluu kinachokuja na kompyuta, ambacho wengi hukitumia kwa sababu tu walikikuta pale. Kuna Opera. Kuna Firefox, ambayo unaweza kuipamba na kuipangua kama nyumba yako. Mafunzoni Kendi aliambiwa achague kwa mambo matatu: kinawaambia nini wengine juu yako, kinakutii kiasi gani, na mkono wako umekizoea mno au la. Alivijaribu vyote. Akachagua Firefox, akaiweka kwenye flashi, akaivua kila pambo. Ukiichomoa, haikuacha kitu kwenye mashine. Ukiifungua, ilianza na ukurasa mweupe mtupu. Haikukumbuka alikotoka wala alichopenda. Siku nyingine, peke yake chumbani kwake Rooty Hill, aliutazama weupe ule mpaka machozi yakamlengalenga, na hakuona aibu.

Mtu wa genge naye alikuwa mjanja. Kila alipomaliza alifuta kila kitu: kurasa alizopita, nywila, vyote. Wataalamu wa Idara walirudi mikono mitupu.

Kendi hakutafuta kilichofutwa. Alitafuta kilichobaki.

Mashine ya kwanza, hakuna. Ya pili, mtoto wa mtu aliweka picha ya gari. Ya tatu, ya nne, hakuna. Kila mara alijifanya mteja msumbufu: hii nzito, ile kipanya chake kibovu. Mushagalusa alimtazama tu na kutafuna.

Mashine namba saba.

Akafungua Firefox iliyokuwemo. Herufi zikamrukia usoni, kila moja kubwa kama kidole gumba. Orodha zote za juu zilikuwa kwa Kifaransa. Na ukurasa wa kwanza kabisa, uliojifungua wenyewe, ulikuwa wa redio moja ya Bujumbura. Haukuwa ukurasa wa habari, wala wa michezo.

Ulikuwa wa matangazo ya vifo.

Kendi hakujua Kirundi, lakini ukurasa huo aliujua vizuri. Kazini alikuwa na mwenzake Mrundi, Darlène. Kila mapumziko ya chai, kabla hajagusa kikombe, Darlène aliufungua na kushuka nao jina kwa jina hadi la mwisho. "Sisi tulio mbali tunaanza na hapa," alimwambia siku moja. "Nikikuta wangu wote wazima, ndiyo nakunywa chai."

Mtu wa genge alifuta nyayo zake zote, akasahau kwamba ukurasa wa kwanza haufutiki pamoja na historia. Au pengine hakusahau. Pengine hakuweza tu kukaa kwenye mashine isiyoanza na watu wake.

"Kaka," Kendi alimwita Mushagalusa, "hii mbona maandishi makubwa hivi?"

"Achana nayo ile!" Mkongo alirusha mikono. "Iko papa mumoja wa lunettes, miwani nene hivi, kila samedi kama leo anakujaka saa tisa. Anageuza yote. Mimi narudisha, yeye anageuza. Nimechoka, nimemuachia."

Saa tisa kasoro dakika tano.

Kendi akahamia namba sita, akachomeka flashi yake. Akaandika ujumbe kwenye Nokia.

*Nimemwona kabla hajafika. Mashine namba saba, saa tisa. Nani yuko karibu?*

Jibu la Oloo lilikuja upesi.

*Polisi wa huko wako Punchbowl. Dakika kumi na tano. Usipige risasi dukani.*

Saa tisa kamili mlango ukafunguka.

Alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka hamsini hivi, koti la mlinzi wa dukani, miwani mizito. Beji ya kifuani iliandikwa Vénérand. Alimwamkia Mushagalusa kwa adabu, akaketi namba saba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Kendi aliona neno moja kwa pembe ya jicho.

Doonside.

Baruapepe hutumwa kwa sekunde. Polisi walihitaji bado dakika kumi na zaidi.

Lakini Vénérand hakuenda kwenye baruapepe. Alivua kofia. Akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, akaanza kushuka na majina taratibu, midomo ikitikisika. Jina moja. La pili. Kwenye la tano alisimama, akafuta miwani, akarudia kulisoma. Akashusha pumzi, akaendelea.

Dakika nne. Saba. Tisa.

Kendi alimchukia, na palepale akamwonea wivu. Mtu huyu alikuwa na wa kumtafuta.

Dakika ya kumi na moja orodha iliisha. Vénérand akavaa kofia. Akafungua Hotmail, akaandika nywila, akaikunjua karatasi na kuanza kuandika kwa vidole viwili. Namba ya nyumba. Mtaa.

Kendi alinyoosha mguu chini ya meza, akanasa waya wa bluu wa intaneti wa namba saba kwa ncha ya kiatu, akauvuta.

Vénérand alibofya. Hakuna. Akabofya tena. Kisha akautazama waya, akamtazama mwanamke aliye pembeni, na mkono wake ukaingia ndani ya koti.

Kisu kilitoka nusu tu.

Kuna namna ya kumshika mzee wa kilo mia asianguke bafuni: kiganja chini ya kiwiko, kidole gumba juu ya mkono, kisha unageuza. Kendi alifanya hivyo kila asubuhi. Leo aligeuza zaidi ya inavyoruhusiwa. Kisu kikalia sakafuni. Vénérand akalala kifudifudi kwenye kibodi.

"Mungu wangu," alisema Mushagalusa, karanga mdomoni.

"Umetuma?" Kendi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ungeona kama nimetuma."

"Kwa nini hukutuma kwanza, ukasoma baadaye? Ningechelewa."

Vénérand alikuwa bado amelaza shavu juu ya herufi.

"Mama yangu ana miaka themanini na mmoja," alisema. "Siwezi kuanza kazi kabla sijajua."

Hatua nzito zilisikika ngazini. Kendi akaitia karatasi mfukoni, akachomoa flashi, akawapisha wenye pingu.

Saa kumi na moja jua lilikuwa limeshachoka. Sahihi ilipatikana haraka ajabu baada ya kisu kuonekana, na wauaji wa hotelini walibebwa wakiwa na soksi tu. Kendi alitumwa Doonside kuhakikisha nyumba imebaki tupu. Gari jeupe lilikuwa mlangoni. Watoto wawili walikuwa ndani ya gari wakigombania dirisha kwa Kiingereza. Mama Ninahazwe alisimama na sufuria mkononi, akikataa kupanda.

"Ni wewe?" alimuuliza Kendi. "Wameniambia kuna mwanamke."

"Panda gari, mama. Baridi."

"Nitapanda. Kwanza niambie jina. Sina pesa, sina kitu. Nitakuombea kila asubuhi, mimi na watoto. Siwezi kumwambia Mungu mwanamke fulani."

Hakuna mtu aliyewahi kumwahidi Kendi kitu kikubwa kama hicho. Jina lake lilikuwa pale pale, fupi, jepesi, lingetoka kwa pumzi moja. Dereva alikuwa anasikiliza. Watoto walikuwa wanasikiliza.

"Jerotich," alisema.

"Jerotich," Mama Ninahazwe alirudia polepole, asije akalipoteza. Akalirudia mara ya pili, akapanda.

Gari likaondoka. Kendi alifunga vifungo vya sweta, akatia mikono mfukoni, akatembea kuelekea stesheni bila haraka. Kuanzia kesho alfajiri, mahali ambapo hataambiwa ni wapi, watu watatu wangepiga magoti na kumwombea mtu ambaye si yeye.