Sekunde Arobaini za Bi Mwanabaraka

Jumamosi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Nabiha, mtunza rekodi, aligundua kuwa sauti ya marehemu Bi Mwanabaraka imezibwa. Nyimbo nyingine zote za maktaba ya sauti ya mtaa wa Kuze zilicheza. Wimbo wake tu ulijibu: *ruhusa imekataliwa*. Na saa kumi alasiri wanawake wa mtaa wangekuja kuusikiliza.

Alimwita Bonface, fundi aliyeisasisha seva ya Linux jana asubuhi.

"Umeifunga wewe?"

"Dada Nabiha, ningekosea mimi, zingekataa zote."

Ruhusa za faili zilikuwa sawa. Iliyokataa ni sera ya usalama, inayobandika kila faili lebo ya mahali ilipozaliwa. Wimbo ule ulikuwa na lebo ya folda ya mtu binafsi.

"Faili ikinakiliwa hupewa lebo mpya," Bonface alisema polepole. "Ikihamishwa huja na ya kwao."

"Basi mtu ameuchezea kwenye folda yake, kisha akauhamishia huku."

Nabiha akatazama urefu wa wimbo katika daftari la maktaba: dakika kumi na mbili, sekunde hamsini. Faili: kumi na mbili, sekunde kumi. Kumbukumbu za seva zilitaja jana, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, akaunti ya Kamaludin, mkuu wa maktaba, mwana wa marehemu.

Alimkuta ghorofani, macho yakielea juu ya mapaa kama yu ndotoni.

"Asalaam aleikum, Ami."

"Waaleikum salaam, mwanangu."

"Ami, mama yako alisema nini katika zile sekunde arobaini?"

Kamaludin hakukana.

"Mji mzima wajua wimbo ule ni wa baba. Baba yu kaburini. Nimvue jina mimi, mwanawe?"

"Na mama je, Ami?"

Kamaludin akatoa simu. Kipande alikuwa amekihifadhi. Sauti ya mama yake ikajaa chumbani, laini, kama mtu anenaye usingizini: "Niliutunga mimi, nikikuna nazi. Mume wangu akauimba, ukawa wake. Nilimwachia, lakini si kwa moyo."

Kamaludin akakisikiliza mara tatu. Machozi yakamtiririka.

"Kirudishe," akasema.

Saa kumi Kamaludin alisimama mwenyewe mbele ya wanawake. "Wimbo huu ni wa mama yangu."

Bibi mmoja akacheka taratibu.

"Sisi twajua, Kamaludin, tangu ungali mbelekoni. Tulikuwa twakungoja wewe useme."