Mstari wa Kumi na Saba

Jumamosi saa saba mchana soko la Ngamiani lilikuwa limefurika watu. Dorkasi, katika gauni lake la maua ya zambarau na viatu vyeupe vya kanisani, alikuwa akichagua samaki alipomwona Asheri. Asheri yule yule aliyemuaga jana akisema anakwenda Muheza kumwona mama yake! Suruali ya kaki imenyooka kwa pasi, bahasha kubwa kwapani, chupa ya gundi mkononi.

"Asheri!"

Bwana alishtuka nusura aangushe chupa.

"Dorka! Mpenzi wangu... hujambo?"

"Mama hajambo huko Muheza?"

"Basi limeniacha."

"Na gundi?"

"Ya... kiatu."

Dorkasi alivitazama viatu vyake. Vilikuwa vizima, vinang'aa. Mimi simlaumu binti wa watu. Mwanamume anayedanganya vibaya kiasi hicho anajitafutia kushukiwa.

Mwaka huo wa 1956 wote wawili walifanya kazi katika afisi ya injinia mmoja karibu na bandari, Asheri mchora ramani, Dorkasi mpiga chapa. Mwezi uliofuata wazee wa Asheri walikuwa wapeleke barua ya posa Lushoto, kwa kina Dorkasi. Sasa binti alianza kujiuliza kama barua hiyo inastahili hata kufunguliwa.

Jumatatu simu ya afisi ililia.

"Asheri yupo?" Sauti ya kike, laini.

"Ametoka. Nimwambie nani?"

"Mwamvua wa Makorora. Aje saa kumi, kile kitu nimeshakitoa sandukuni. Asimwambie mtu."

Simu ikakatwa. Dorkasi aliliendea koti la Asheri ukutani na kupekua mifuko, bila haya. Akatoa tikiti ya kivuko cha Pangani, ya Alhamisi, siku aliyosema amelala nyumbani akiumwa jino.

"Mmoja Pangani, mmoja Makorora," alijisemea, machozi yakimlengalenga. "Na mimi ni wa ngapi?"

Saa kumi alimfuata hatua kwa hatua hadi Makorora, akamwona akiingia nyumba yenye mlango wa kijani. Alipiga hodi moja na kuingia bila kungoja karibu.

Mkekani alikaa bibi mmoja mwenye mvi. Pembeni yake Asheri amepiga magoti, brashi ya gundi mkononi, kitabu kimefunguliwa mbele yake.

"Shikamoo, bibi," Dorkasi alisema, akiyameza matusi yote aliyokuja nayo.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Dorka? Mimi Mwamvua. Mwanangu Uweso ndiye msimamizi wa jengo la ghorofa mnalolichorea ramani. Keti. Mwenzio anatengeneza kitabu cha mwanangu."

Dorkasi alikijua kitabu hicho. Alikipiga chapa yeye. Yalikuwa majedwali ya chuma cha kutiwa ndani ya kuta nene za zege, zile zinazozuia jengo lisisukumwe kando na upepo. Kitabu cha zamani kilizisahau kuta zenye milango, na injinia alikuwa amezifanyia hesabu na kuziongeza. Kwa desturi ya afisi, chapa ilikaguliwa na watu wawili: mmoja alisoma kwa sauti tarakimu za injinia na mwingine alizifuata kwenye chapa kwa penseli. Asheri alisoma, Dorkasi alifuata, na siku hiyo walicheka sana.

"Tuliruka mstari," Asheri alisema bila kuinua uso. "Wa kumi na saba. Ulicheka, nikakutazama, nikarukia wa kumi na nane, tusigundue kuwa haumo kwenye chapa. Msimamizi asiyeuona ukuta wake huchukua mstari wa juu yake, na chuma kinapungua. Uweso anamwaga zege Alhamisi."

"Na Pangani?"

"Kuna nakala huko. Na nyingine Mkwaja, ndiko nilikokuwa nikienda Jumamosi. Zote nimezibandika mstari uliokosekana, hii ndiyo ya mwisho."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Chini ya kila ukurasa kuna herufi za jina lako, Dorka. Zangu hazimo. Injinia angekufukuza wewe."

Dorkasi alilia kwa dakika moja, kwa sababu alimpenda. Kisha alikasirika upya.

"Ya mwisho, laazizi? Na ile iliyo mezani kwa injinia? Majengo ya mwakani si atayapimia hiyo hiyo?"

Asheri aliiweka brashi chini.

"Kesho tunakwenda kwake. Wote wawili."

"Na akitufukuza?"

"Tutafukuzwa tukiwa wawili."

Asubuhi Dorkasi alipiga chapa karatasi ya masahihisho, na chini yake akaweka herufi zake na za Asheri. Injinia alisoma, uso ukamwiva, akaagiza vitabu vyote virudishwe vikaguliwe. Asheri alipoteza likizo yake ya Krismasi. Dorkasi alipewa onyo la maandishi, na kwa kuwa mpiga chapa alikuwa yeye peke yake, ilibidi alipige chapa mwenyewe.

Kisha wakaketishwa kulisoma jedwali upya. Dorkasi alichonga penseli.

"Soma. Na usinitazame."

Asheri alisoma, macho kwenye karatasi, kumi na tano, kumi na sita. Mstari wa kumi na saba aliusoma polepole, tarakimu kwa tarakimu, na Dorkasi akatia alama pembeni.

"Dorka," alisema, bado ameinamia karatasi, "ile barua ya Lushoto iende, au isiende?"

Dorkasi aliipuliza ncha ya penseli.

"Iende," Dorkasi alijibu. "Haya, kumi na nane."