Bunda la Pamba

Maiti ya Rajabu Nakoma ilinasa kwenye matete ya Mto Ruvuma, pale Kitaya, asubuhi moja ya Machi 2001. Inspekta Mikaeli alipofika, wavuvi walikuwa wameshaiopoa, wakailaza chali na kuifunika shuka gubigubi.

Alifunua uso tu. Hakuhisi kitu. Ilikuwa maiti ya tatu wiki ile, mvua inamwagika, na moyo wake ulikuwa umekufa ganzi tangu siku nyingi.

Waziri, mpwa wa marehemu, akaja mbio.

"Afande, sisi hatulazi maiti. Turuhusu tukamzike mjomba."

Mikaeli hakuita daktari. Aliandika: amezama. Akatia saini.

Mjane, Hamisa, hakukubali. Mumewe alizaliwa kando ya mto ule. Azamaje kwenye maji aliyoyazoea? Alikuwa kwenye eda, hatoki nje, lakini akamtuma binti yake Asia mjini Mtwara kwa wakili Sabina, aliyewasaidia wafiwa bila malipo. Sabina akaandika barua, akafuatilia, akawa king'ang'anizi mpaka mahakama ya uchunguzi wa kifo ikaitishwa. Hakimu akiridhika kwamba ni ajali, jalada lingefungwa na hakuna ambaye angeuliza tena.

Siku moja kabla ya kikao, Mikaeli alimfuata Mzee Zuberi, mwosha maiti.

"Uliona nini mwilini?"

"Mwosha hasemi, bwana. Nilichokiona kimezikwa."

"Hata mahakamani?"

"Hata huko."

Mikaeli alimweleza Sabina. Wakili akafikiri kidogo, kisha akauliza waosha maiti hutumia vitu gani.

Kesho yake mahakamani, Waziri alikaa benchi la mbele. Sabina akasimama kwa niaba ya Hamisa.

"Shikamoo, Mzee Zuberi."

"Marahaba, mwanangu."

"Sikuulizi habari za mwili. Nakuuliza za pamba. Kwa kawaida hutumia kiasi gani?"

"Kidogo tu. Inajaa kiganjani."

"Kwa Rajabu?"

"Bunda zima."

"Uliliagiza?"

"La. Waziri alinipa mlangoni."

"Kabla au baada ya kuifunua maiti?"

"Kabla. Shuka ilikuwa bado haijafunuliwa."

Hakimu akachukua kalamu, akaandika amri ya kufukua kaburi. Mikaeli alimshika Waziri mkono, akampeleka chumba cha pembeni.

"Ulijuaje kwamba pamba nyingi itahitajika?"

"Nilikisia."

"Wavuvi hawakuona jeraha. Mimi sikuliona. Wewe uliliona wapi?"

Waziri akageukia mlango.

"Kesho daktari atamtoa kaburini, Waziri."

"Msimfukue mjomba!" Kijana akajiinamia. "Nilimpiga kafi ya kisogo. Tulikuwa mtumbwini."

"Kwa nini?"

"Kwetu, shamba la mjomba ni la mpwa. Ile mikorosho nimeipalilia tangu mdogo. Yeye akaenda ofisi ya kijiji kumwandikisha Asia shamba lote. Nilimwomba tuvuke, wazee wa ng'ambo watuamue. Katikati ya mto akaniambia ameshatia dole gumba."

"Na pamba?"

"Nilijua atavuja damu. Nilitaka azikwe safi. Ni mjomba wangu, afande."

Mikaeli aliandika maelezo yote. Mtu analia mbele yake, na yeye anawaza chai. Alijichukia kwa hilo.

Jioni alikwenda Kitaya pamoja na Sabina. Wakili akaingia ndani kwa Hamisa. Yeye akabaki nje ya pazia la mlango.

"Imeandikwa?" Sauti ya Hamisa ilikuwa kavu.

"Imeandikwa, mama. Aliuawa. Waziri amekiri."

Hamisa hakulia. Huenda machozi yalikuwa yamemwishia.

"Na ile karatasi ya kwanza, ya kusema amezama, aliitia saini nani?"

Angeweza kusema polisi. Angeweza kusema kituo.

"Mimi."

"Bila kumfunua?"

"Nilifunua uso tu."

"Kama si huyu wakili, mume wangu angebaki amezama."

"Ndiyo, mama."

"Hilo nalo lipo kwenye maandishi ya mahakama?"

"Halipo."

"Basi liwepo. Sabina, mpe kalamu."

Mkono wa wakili ukatokeza pembeni mwa pazia. Mikaeli akaipokea kalamu, akafungua daftari, akachuchumaa pale kizingitini. Aliandika jina lake kwanza, kisha: nilifunua uso tu.