Tiyo Ndefu Chini ya Nyumba ya Djamali

Siku ya soko Kasongo, mutu anatembea kwa kiwiko. Djamali, fundi wa mabomba, ambayo huku tunaita tiyo, alipita na tiyo ndefu begani. Akageuka kukwepa pikipiki. Mwisho wa tiyo ukanyofoa kitambaa cha kichwa cha Mounira, muuza vitenge.

"Weye wa tiyo! Unavua watu wazima sokoni?"

Akageuka tena aombe samahani, tiyo ikapindua beseni la nyanya.

"Simama! Usigeuke!" Mounira alicheka. "Utamaliza Kasongo!"

Alivaa kitenge cha kijani, wanja kidogo machoni. Toka siku ile Djamali alisikia kicheko kile hata usingizini.

Wakapendana. Jioni walikaa katika nyumba ambayo Djamali alikuwa anajenga, bado haina mlango, ukungu wa mto ukiingia taratibu, wakiota: kitanda hapa, pazia pale.

"Na bafu?" Mounira aliuliza.

"Huku, sheri, mupenzi wangu. Lakini kisima nayo iko huku, basi shimo la choo lazima liende upande ule. Tiyo itapita chini ya nyumba nzima."

"Si uilaze tu?"

"Ukiilaza, mayi ya kuoga inasinzia. Ikishuka sana, mayi inakimbia, inaacha uchafu nyuma. Kila hatua, ishuke kidole kimoja. Chini nashindilia muchanga. Kisha namwaga mayi, naangalia. Hapo njo nafunika."

"Unapenda tiyo kuliko miye."

"Tiyo hainuni."

Kwao Mounira, shangazi wa binti huoga kwanza katika nyumba ya mukwe. Akitoka ameridhika, ndoa inapangwa. Lakini Djamali aliitwa mji wa Salamabila kwa kazi, akaacha mtaro wazi, tiyo ikikaa juu ya matofali machache. Mounira akampigia simu.

"Alo, mupenzi?"

"Mwenyewe hayuko," ilijibu sauti ya mwanamke. "Simu ameniachia miye."

Alikuwa Kavira, mwenye kibanda cha kuchaji simu. Mounira hakuuliza. Mabinti wangu, mukiogopa, ulizeni! Mdomo si wa kula tu. Yeye alikata simu, akaona amenyang'anywa mutu wake. Dawa ni ndoa ya haraka, na shangazi hawezi kuoga mtaro ukiwa wazi. Akaenda kwa waashi.

"Djamali amesema mufunike."

Wakajaza udongo, wakashindilia, wakapiga simenti. Chini kule tiyo ikabonyea katikati, na hakuna aliyeiona.

Siku ya kuoga, shangazi wa Mounira, Shangazi Binti, hakumaliza hata kujipaka sabuni. Maji ya povu na udongo yakarudi, yakamfika vifundoni.

"Nyumba gani hii inatapika?"

Djamali ndiyo kwanza anashuka kwenye pikipiki iliyomrudisha toka Salamabila. Akaangalia sakafu, akamwangalia Mounira, akaelewa.

"Kazi ya nani?" shangazi akafoka.

"Yangu, shangazi. Munisamehe."

"Basi binti yetu haji hapa. Twende!"

Mounira akamshika shangazi mkono.

"Ni miye nilidanganya waashi! Nilizani ana bibi mwingine Salamabila. Mwanamke alijibu simu yake!"

"Kavira? Yule mama ana wajukuu, Mounira! Anachaji simu ya kila mutu." Kisha sauti ya Djamali ikashuka. "Hukuniuliza."

Akachukua nyundo, akaingia kuvunja sakafu.

Hakumsemesha tena. Kila asubuhi Mounira alikuja bila kuitwa, kitenge kimefungwa kiunoni, akabeba mchanga, akashika kamba ya kupimia. Tiyo ilipokaa sawasawa, Djamali akaenda upande wa shimo. Mounira akamwaga ndoo bafuni. Maji yakaondoka bila haraka, kama mutu anayejua njia ya kwao.

Halafu ndani ya tiyo, kutoka chini ya vyumba vyote walivyoviota, sauti ikapanda:

"Mounira... bado unanitaka?"

Akapiga magoti kwenye simenti, mdomo karibu na tundu.

"Toka shimoni, njoo uniulize mbele ya watu!"

Akaja mbio, udongo mpaka magotini. Mlangoni alisimama Shangazi Binti, amerudi na taulo begani. Aliwatazama wote wawili, kisha akavua viatu.

"Mutoke nje," alisema. "Nioge."